Kukata Miti ni Ufundi, si Nguvu

Kila mwaka tunafundishwa kupanda miti. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitoa hata siku nzima ya mapumziko ili wananchi wapande miti, na tangu Desemba 2022 kuna mpango wa taifa wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Sisi wanafunzi tumechimba mashimo, tumebeba miche na kuimwagilia maji. Hilo ni jambo zuri na silipingi hata kidogo. Ninalouliza ni hili: ni nani amewahi kutufundisha namna ya kukata mti uliokomaa? Hakuna. Ilhali mti uliopandwa shambani mwa mtu, siku moja utakatwa. Ulipandwa kwa sababu hiyo hiyo.

Maoni yangu ni kwamba kukata miti katika mashamba yetu ni ufundi kama ufundi wa umeme au wa kushona nguo, na inafaa tuuheshimu hivyo. Kwa sasa tunaufanya kama kazi ya nguvu tu. Yeyote mwenye misuli na panga anaitwa, anaonyeshwa mti na kuambiwa, "Angusha." Matokeo yake ni watu kuumia na mali kupotea, na mara nyingi mambo hayo mawili hutokea siku moja, kwa mti mmoja.

Huenda mwenzangu akauliza, jambo hili linatuhusu vipi sisi wa kidato cha tatu? Linatuhusu sana. Ukitoka mjini Kisumu ukapanda kilima cha Riat kuelekea Kiboswa, ukaangalia upande wa Nyahera, utaona mistari ya mikaratusi nyuma ya nyumba nyingi. Hiyo mikaratusi, ambayo Waluo huiita bao, ndiyo benki ya wazazi wetu. Ada ikidaiwa, miti miwili mitatu inaanguka. Harusi au matanga yakija, mingine inaanguka. Wengi wetu hapa shuleni tumeketi darasani kwa sababu kuna mti uliokatwa mahali fulani. Mimi ni mmoja wao. Baba ana kishamba cha mikaratusi na migrevilia michache, na likizo ya Desemba anakusudia kukata sehemu yake ili nilipiwe ada ya kidato cha nne.

Historia ya mti huu pia inatugusa sisi watu wa Kisumu. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1901, wakati mji wetu ukiitwa Port Florence. Mwaka uliofuata, yaani 1902, mikaratusi kutoka Australia ililetwa nchini ili itoe kuni za kuendesha magari moshi. Magari moshi ya kuni yalikwisha zamani, lakini mti ulibaki. Leo unatoa nguzo za umeme, fito za kujengea na mbao za maseremala wa Kibuye. Kuni zake huchoma matofali kule Nyabondo, na kuni ndizo zinazokausha samaki kwa moshi katika fuo nyingi za ziwa letu.

Biashara hii iliongezeka mwaka 2018. Februari ya mwaka huo serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Marufuku hayo hayakuhusu mashamba ya watu binafsi, kwa hivyo wanunuzi wengi wakageukia mashamba. Rais William Ruto alitangaza kuyaondoa Julai 2023, lakini wanunuzi walikuwa wamekwisha kuijua njia ya vijijini. Siku hizi mnunuzi huja na lori lake, pawa-soo yake na vijana wawili, na ifikapo jioni kipande kizima kimelala chini.

Sasa nizungumzie hatari. Shirika la Kazi Duniani (ILO) limehesabu kazi ya misitu miongoni mwa kazi za hatari zaidi ulimwenguni, na mwaka 1998 lilitoa mwongozo mzima wa usalama wa kazi hiyo. Huko Ulaya mkataji huvaa kofia ngumu, kinga ya macho, vifuniko vya masikio na suruali maalum ya kuzuia mnyororo wa msumeno. Hapa kwetu nimeona fundi wa pawa-soo amevaa sandali za mpira wa gari na kaptura. Kama si neema ya Mungu, ningesema anatafuta kifo.

Kuna kijana niliyesoma naye shule ya msingi. Hakuendelea na sekondari kwa sababu ya karo, akawa anafanya kibarua cha kuvuta kamba wakati wa kukata miti. Likizo ya Agosti mwaka jana walikuwa wakiangusha mkaratusi ulioinamia upande wa barabara. Fundi aliukata kutoka nyuma moja kwa moja bila kutengeneza mkato wa mbele. Mti ulipasuka katikati kwa urefu, kipande cha nyuma kikaruka juu kwa nguvu, kisha shina zima likageuka na kuangukia upande waliosimama wenye kamba. Alivunjika paja. Mnunuzi alilipa pesa ya boda boda na dawa za siku mbili, halafu simu yake ikazimwa. Familia iliuza ng'ombe. Leo kijana huyo anatembea kwa gongo. Ana miaka kumi na saba.

Watu kijijini walisema ni bahati mbaya. Wengine walisema amerogwa. Mimi nasema mti ulioinama, ukikatwa namna ile, hupasuka. Si uchawi. Nyuzi za mbao za upande wa nyuma zimevutika kama kamba ya upinde, na za mbele zimebanwa. Ukikata nyuma tu, mti unaanza kuanguka kabla mkato haujafika mbali, na kwa kuwa hauna mahali pa kukunjia, unapasuka. Mkaratusi ni hodari sana wa kupasuka. Kitu kinachojulikana sababu yake kinaweza kuzuiwa, na maadamu kinaweza kuzuiwa, tusikiite bahati.

Basi ni yapi yanayofaa kufanywa? Nitayaeleza kwa ufupi jinsi nilivyoyasoma na jinsi nilivyomwona mzee mmoja wa Nyahera, fundi wa miaka mingi, akifanya. Siandiki haya ili mwanafunzi akashike pawa-soo. La hasha! Naandika ili kila mmoja wetu, fundi akija nyumbani, aweze kutambua kama ni fundi kweli au ni mtu na mashine yake tu.

Jambo la kwanza ni kuutazama mti kabla ya kuugusa. Umeinamia wapi? Matawi mengi yako upande gani? Kuna tawi kavu juu linaloweza kuanguka likitikiswa? Kuna waya wa umeme karibu? Penye waya mtu asijaribu kabisa, bali awaite wenye waya. Upepo nao uangaliwe. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunajua kwamba asubuhi huwa kumetulia, na alasiri upepo wa ziwa hupanda nchi kavu, mara nyingi ukifuatwa na mvua ya radi. Kwa hivyo miti iangushwe asubuhi. Alasiri ibaki kwa kupunguza matawi na kupanga kuni.

Jambo la pili ni kupima urefu wa mti, na hapa hisabati yetu ya darasani inafaa. Chukua kijiti chenye urefu sawa na umbali kutoka jichoni hadi ngumini mwako. Kishike wima mbele yako, mkono umenyooka. Rudi nyuma polepole mpaka ncha ya kijiti ikutane na kilele cha mti na ngumi yako ikutane na shina lake chini. Kama ardhi ni tambarare, umbali kutoka uliposimama hadi shinani ndio urefu wa mti. Ukiwa ni mita 20, basi kila mtu asiye na kazi pale akae mbali mara mbili ya hapo, yaani mita 40. Watoto, mbuzi na wapita njia pia wamo katika hesabu hiyo.

Jambo la tatu ni njia ya kukimbilia. Kabla ya kuwasha mashine, fundi husafisha vichaka karibu na shina na kutengeneza njia mbili za nyuma, moja kushoto na moja kulia, zikienda mshazari kutoka upande ambao mti utaangukia. Hakimbilii nyuma moja kwa moja, kwa kuwa shina linaweza kuruka kurudi huko huko.

Jambo la nne ni mkato wenyewe. Kwanza fundi hukata kinywa upande wa mbele, yaani pembe iliyo wazi kama mdomo, kina chake kama robo ya unene wa shina. Kisha hukata kutoka nyuma, juu kidogo ya kinywa hicho, lakini hamalizi. Huacha ukanda wa mbao katikati, takriban sehemu moja ya kumi ya unene. Ukanda huo ni kama bawaba ya mlango, nao ndio unaouongoza mti uende unakotakiwa, polepole. Akikata bawaba yote, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Ikihitajika hupiga kabari katika mkato wa nyuma ili mti usikalie msumeno. Miti iliyoinama sana ina mkato wake wa pekee, na asiyeujua aiache.

Jambo la tano, mti ukikwama juu ya mwingine, asipite mtu chini yake, asiupande mtu, wala usikatwe ule ulioushika. Uvutwe kutoka mbali kwa kamba ndefu, ng'ombe au trekta. Mti uliokwama ni kama fisi aliyelala.

Hadi hapa nimezungumzia usalama. Kuna watu wanaodhani usalama ni kupoteza muda na pesa. Mimi naona kinyume chake, kwamba aangushaye mti kwa usalama ndiye apatae faida kubwa. Nitatoa mifano.

Mti ulioongozwa na bawaba huangukia mahali palipopangwa, kando ya njia ya lori. Ulioanguka ovyo huvunja migomba ya jirani, hupasuka ukakosa kuwa nguzo, kisha hubebwa mbali na watu wanne. Nguzo ikipasuka inakuwa kuni, na bei ya kuni na bei ya nguzo zinatofautiana kama usiku na mchana.

Pili, kisiki. Mkataji mwenye haraka hukata penye kimo cha goti, na kuacha shambani kipande kinene kuliko vyote. Mkaratusi ukikatwa sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, mkato ukiwa na mteremko kidogo ili maji yasituame, utachipuka tena vizuri. Baadaye yanaachwa machipukizi mawili au matatu yaliyo bora na mengine kuondolewa. Mwenye shamba hapandi upya, na hakuna visiki virefu vya kujikwaa.

Tatu, upasuaji wa mbao. Wengi hupasua mbao papo hapo kwa pawa-soo, bila reli wala kiongozi chochote, kwa jicho tu. Mkato wa mnyororo wake una upana unaokaribia sentimita moja. Ubao wa inchi moja ni kama sentimita mbili na nusu. Piga hesabu mwenyewe: kila mikato mitatu, umegeuza ubao mmoja kuwa unga. Tena mbao zenyewe hutoka nene huku na nyembamba kule, na seremala wa Kibuye anazikataa au anashusha bei. Ni afadhali magogo ya thamani yapelekwe penye mashine ya msumeno mwembamba, na pawa-soo ibaki na kazi yake ya kuangusha na kukata vipande.

Nne, mnyororo butu. Fundi asiyebeba tupa ya kunolea hukandamiza mashine, hutumia petroli nyingi na huchoka upesi. Mtu aliyechoka ndiye ambaye msumeno humrukia usoni. Kisu butu humkata mwenyewe, husema mama zetu jikoni, na msumeno ni vivyo hivyo.

Je, kwa nini basi hatufanyi hivyo? Nimewauliza wazee na vijana, na majibu yao ni matatu.

Wa kwanza husema, "Wewe kijana, hayo ni mambo ya vitabu. Sisi tumekata miti toka zamani na hatujakufa." Kwa heshima zote, wazee wangu, wasemao hivyo ni wale waliopona. Waliokufa hatuwezi kuwauliza. Tena zamani ilikuwa shoka na mti wa siala, na shoka humpa mtu muda wa kusikia mti ukilia. Pawa-soo inakata kwa dakika mbili na kelele yake inaziba masikio.

Wa pili husema vifaa ni ghali. Suruali maalum ni ghali kweli, sikatai. Lakini kofia ngumu ya mjengo, glavu na gamubuti haviwezi kumshinda mtu mwenye lori. Bei ya kofia haifiki bei ya mti mmoja uliokomaa vizuri. Mguu uliovunjika, je, ni bei gani?

Wa tatu ndiye aliyenifikirisha zaidi. Alikuwa kijana wa pawa, naye aliniambia, "Sisi tunalipwa kwa kila mti. Nikianza kutengeneza njia na kupima pima, mwenzangu ataangusha kumi nami bado niko kwa wa nne." Hapo nilielewa kwamba kosa si la huyu kijana peke yake. Malipo ya kuhesabu miti yanamfundisha kukimbia. Mwenye shamba na mnunuzi wanaweza kulibadilisha hilo kwa kulipa kwa siku, au kwa kulipa nguzo iliyofika chini nzima, si mti ulioanguka tu. Haraka haraka haina baraka, lakini ni lazima tuseme pia nani anayemharakisha mwenzake.

Fauka ya hayo, sheria zipo. Mwaka 2007 Kenya ilipata Sheria ya Usalama na Afya Kazini pamoja na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inamlinda kila mtoto dhidi ya kazi ya hatari na ya unyonyaji, na mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kwa hivyo mnunuzi anayemwita mwanafunzi Jumamosi avute kamba kwa shilingi mia chache anavunja sheria, hata akiitwa mjomba. Wavulana wenzangu, najua pesa hiyo ni tamu. Najua wengine ndiyo mnayonunulia kalamu. Lakini kazi zisizo za hatari zipo: kupima urefu, kuhesabu nguzo, kuandika mauzo ili baba asipunjwe, kupanga kuni zilizokwisha kukatwa, kuzuia wapita njia wakiwa mbali. Hizo tuzifanye. Kamba na msumeno tuwaachie watu wazima waliofundishwa.

Nina mapendekezo matatu kwa shule yetu. Kwanza, jikoni kwetu tunapikiwa chakula cha mchana kwa kuni. Naomba usimamizi wa shule uwaulize wauza kuni swali moja kabla ya kulipa: nani alizikata, na alikuwa na umri gani? Mteja mkubwa akiuliza, muuzaji atajirekebisha. Pili, Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini (KEFRI), iliyoanzishwa mwaka 1986, ina kituo Maseno, safari fupi ya matatu kutoka hapa. Tumwalike mtaalamu wao aje azungumze nasi na wazazi siku ya mkutano wa wazazi. Aseme pia mahali pa kupanda mikaratusi na mahali pasipofaa, kwani mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, hayati John Michuki, aliagiza iondolewe kando ya mito na chemchemi kwa sababu ya kiu yake.

Tatu, na hili ni letu sisi wanachama wa Kiswahili. Katika mashamba ya mpakani kama Kiboswa na Maseno, fundi anaweza kuwa Mluo, mvuta kamba Mluhya, na dereva wa lori Mkisii. Mmoja akipiga kelele kwa lugha ya mama, mwingine anageuka kuuliza, "Nini?" Kwa kuuliza tu amechelewa. Tukubaliane maneno mafupi ya Kiswahili ambayo kila mtu ayajue: "Tayari!" kabla ya mkato wa nyuma, "Unaanguka!" mti ukianza kwenda, na "Simama!" kwa hatari yoyote. Kwa kuwa mashine ina kelele, kila neno liwe na ishara yake ya mkono. Tuyaandike kwenye karatasi na kuyabandika sokoni na penye vituo vya boda boda. Mara nyingi tunaulizwa Kiswahili kina faida gani nje ya mtihani. Hii hapa ni mojawapo, nayo haina gharama.

Profesa Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Alitufundisha kwamba anayepanda mti anamfikiria mtu atakayekuja baadaye. Mimi naongeza kwamba anayeukata naye amfikirie aliyesimama kando yake.

Kwa baba yangu nimekwisha kusema haya yote, naye alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza kofia zinauzwa wapi. Nanyi wenzangu, kabla ya Desemba, ongeeni na wazazi wenu. Waulizeni fundi ni nani, atalipwa vipi, na nani atakayevuta kamba. Karo ya shule inaweza kusubiri wiki moja apatikane fundi anayefaa. Paja la mtu likivunjika, hakuna mti utakaolirudisha.